Kiti cha Nne

Mtu akivaa fulari ya sufu shingoni hapa Uvira, mahali ambapo mbuzi wanaanza kugombania kivuli saa tatu za asubuhi, ujue ni moja kati ya mawili: anaumwa koo, ao anaongoza teatri. Wetu hakuumwa koo. Alikwenda Bujumbura wiki mbili kujifunza mambo ya jukwaa, akarudi na fulari, na cheti kilichovishwa plastiki, na neno moja la Kifaransa alilolitumia asubuhi, mchana na jioni: tansiyo. Kwetu sisi tansiyo ni ugonjwa wa damu, unapimwa mkononi kwenye kituo cha afya. Kwake yeye ilikuwa ule wasiwasi wa mtazamaji anayengoja, kitu ambacho kila mchezo wa msiba lazima uwe nacho, na ambacho sisi washamba wa kando ya ziwa hatukuwahi kukiona mpaka alipotuletea. Na Bujumbura yenyewe si Ulaya. Asubuhi isiyo na ukungu tunaiona kutoka ufukoni.

Alitaka tumwite Direkta. Tukamwita Direkta, jina halina gharama.

Mimi ni fundi wa kushona. Mashine yangu iko Kimanga, barazani, upande wa barabara, na mavumbi yote ya Uvira yanapita kwangu kabla ya kwenda kwa wengine. Kundi la teatri la parokia lilikuja kutafuta mavazi. Mwanamke aliyepaswa kucheza jirani wa tatu alikuwa amejifungua wiki hiyo, basi wakaniangalia, wakaniambia: mama, weye si uko hapa, na mdomo si unao? Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa. Sijutii sana. Nilipata kuona jinsi watu wazima wanavyokuwa wajinga wakisimamishwa juu ya mbao zilizoinuliwa nusu mita kutoka chini.

Mchezo aliuandika Direkta, ao ndivyo alivyosema. Mama mmoja wa bonde la Ruzizi, mwenye kiburi, hamtaki msichana ambaye mtoto wake amemposa. Anamwamuru kijana avuke mto siku umejaa, aende kwa wakwe akadai ng'ombe wa mahari warudi. Kijana anamheshimu mama yake, anakwenda, maji yanamchukua. Wakati huo mama yuko nyumbani anapika na kujisifu, hajui. Halafu habari inafika. Direkta alisema mchezo wote umetundikwa hapo: kabla ya hapo mama angeweza kutuma mtu akamrudishe kijana, baada ya hapo hakuna wa kurudishwa. Hilo nilimkubalia. Ni hilo tu.

Mama huyo mwenye kiburi alichezwa na mjane mmoja wa Rugenge, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, mwenye sauti ambayo kwaya ya parokia ilikuwa ikiiegemea miaka yote. Sitaki kutaja majina, nitamwita mama wa ndagala. Alikuwa na mtoto mmoja tu. Kijana alisoma useremala, akamtengenezea mama yake viti vinne vya nyumba, akachoka kungoja kazi, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Fizi. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Kisha ikaja habari kwamba shimo limebomoka juu ya vijana na wengine hawakutolewa. Majina hayakuja. Mwili haukuja. Namba yake ikawa inajibiwa na ule mwanamke wa mashine anayesema kwa Kifaransa kwamba haipatikani.

Ilikuwa inakaribia mwaka. Ukoo wa marehemu mume wake, watu wa Kamanyola, walimtaka afanye kilio yaishe: watu wakae chini siku chache, padri asome misa, na kama mwili hakuna, basi uzikwe hata mgomba mahali pake, ndivyo wazee walivyofanya. Alikataa. Hakukataa kwa kelele. Alisema tu kwamba mtoto wake yuko safari, na mtu hafanyiwi kilio kwa sababu simu yake imezimika. Rugenge nzima ilijua jambo hilo, na kila mmoja alikuwa na shauri la kutoa, maana shauri juu ya mtoto wa mwenzako halimuumizi mtu. Wengine walisema amechanganyikiwa. Wengine, wenye roho mbaya zaidi, walisema anaogopa gharama ya kulisha waombolezaji. Yeye kila asubuhi aliipiga ile namba, akamsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho, kisha akabeba beseni lake kwenda ufukoni.

Sasa sikia unyama wa Direkta. Alimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Alituambia siku mama hayupo, huku akipangusa jasho chini ya fulari yake: huyu hana haja ya kuigiza, machozi anayo tayari, ni kumfungulia tu. Wenzangu wakacheka kile kicheko cha watu wanaoogopa kutolewa kwenye kundi. Nilimdharau pale pale, dharau ambayo haijapungua mpaka leo. Lakini nisijifanye malaika. Nilinyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka kuona.

Nilimuuliza yeye mwenyewe kwa nini amekubali, siku nilipokuwa nikimpima kiuno pale barazani. Alisema nyumbani anabaki kutazama simu, na huku angalau anatazama watu.

Jinsi ile sehemu ya habari ilivyoandikwa mwanzoni, Mungu amsamehe aliyeiandika. Mjumbe anaingia mbio, anapiga magoti, anapaza sauti kwamba mtoto amekufa. Ngoma inapigwa. Mama anapiga mayowe. Ngoma inapigwa tena. Kisha mama anasimama katikati na kusema kurasa tatu juu ya majaliwa ya binadamu. Tulipoifanya mara ya kwanza, akina mama wawili waliokuwa wakifagia sale, ukumbi wa parokia, walisimama na mifagio yao, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Direkta alikasirika, akasema umma haujaelimishwa. Mfagiaji mkubwa, bibi mmoja Mfuliiru aliyebakiwa na meno machache lakini ulimi mzima, akamjibu polepole kwamba elimu yeye hana, ila anauliza: huyo mjumbe hana wazazi? Nani anamrushia mama habari kama hiyo akiwa amesimama karibu na moto?

Direkta hakuelewa. Asiyejua maana haambiwi maana. Mtu huyu alizaliwa hapa, amekula bukari ya hapa, amekaa kwenye vilio vya hapa tangu anajua kukaa, lakini wiki mbili zilimfuta kichwa chote. Ikabidi nimfundishe kama anayefundishwa kufunga viatu.

Nilimwambia kwamba kwetu habari ya kifo haisemwi kwanza. Inafanywa. Jirani wa kwanza anakuja kuomba chumvi, na akiwa hapo anaiepua sufuria na kuuzima moto, ili atakayeanguka asiangukie makaa. Wa pili anaingia, anaongea habari za mvua, na akitoka anatoka na kiti. Kilio hakikaliwi kwenye viti ndani ya nyumba. Wanawake wanakaa chini kwenye mikeka, na viti vyote vinakwenda inje kwa wanaume. Mwenye nyumba akiona kiti cha kwanza kinatoka, anadhani wameazima. Cha pili kikitoka, anauliza. Cha tatu, haulizi tena. Anaanza kuongea sana, haraka haraka, bei ya unga, kuku wake anayetagia kwa jirani, maana anajua akinyamaza watamwambia. Na sisi tunaotazama tumejua tangu kwenye chumvi, tunangoja tu yeye afike tulipo.

"Unataka tansiyo?" nilimwambia. "Basi toa viti. Hiyo ngoma peleka kwa arusi."

Alinitazama kama mtu aliyepewa dawa ya kienyeji. Kesho yake alikuja na chaki, akatuchorea ubaoni mstari unaopanda, akaandika chumvi, kiti, kiti, kiti, kiti, akatueleza kwamba alfajiri amepata wazo. Alisema linaitwa kupandisha kwa ngazi. Alitufundisha kilio chetu wenyewe kwa dakika arobaini, na mfagiaji mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akatema mate dirishani. Ngoma hakuiacha. Aliiweka mwisho, kwa sababu mpiga ngoma alikuwa shemeji yake.

Viti sasa. Parokia ina viti vya plastiki tu, na Direkta alitaka mbao. Kundi letu halina mali. Kila kitu cha jukwaani kinatoka nyumbani kwa mtu. Sufuria ilikuwa yangu, mkeka wa mtu mwingine, kinu cha mama wa padri. Mama wa ndagala akasema viti vinne vya mbao yeye anavyo. Sote tulijua ni viti gani, na nani aliyevitengeneza. Bibi mfagiaji akamshika mkono, akamwambia hapana, viti vya nyumba yako usivitoe kwa kilio, hata cha mchezo, unajiitia mambo.

"Ni mbao tu, mama," akamjibu. "Mbao haisikie."

Na sisi tukaviacha viingie. Hilo ndilo kosa letu, na hakuna mgeni angelifanya, kwa sababu mgeni asingejua kiti kinachotoka mlangoni kinasema nini. Sisi tulijua. Tulikuwa na haraka, tulikuwa na njaa, mtu amejitolea viti vya bure, tukasema asante. Alivileta mwenyewe kwa kichwa, safari nne, kutoka Rugenge. Cha nne kilikuwa cha kwanza kutengenezwa na kijana, akiwa bado anajifunza, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Ndicho alichokuwa akikalia kijana mwenyewe wakati wa kula. Chini ya ule mguu kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nyingi, na kila tulipomaliza repetisyo, mazoezi yetu, kabla ya kwenda nyumbani mama alikitoa kile kipande, akakitia kwenye fundo la kikwembe chake.

Wiki tatu tulirudia ile sehemu. Alifanya vizuri kila kitu. Kujisifu kwake kulichekesha, kuongea kwake kwa haraka kulinisahaulisha maneno yangu. Lakini hakulia. Na kiti cha nne, ambacho kilikuwa changu kukitoa, hakunipa nafasi ya kukigusa akiwa amekikalia. Nikikaribia tu, anasimama mwenyewe, anageuza uso dirishani, anangoja nimalize. Direkta alisema hatoi kitu. Siku moja alimwambia mbele yetu sote afikirie lile jambo lake.

"Mwalimu," mama akasema, "nipatie maneno ya kusema. Ya kwangu uniachie."

Direkta akacheza na fulari. Mimi, nyani nisiyeona kundule, nilijisemea moyoni kwamba labda mama huyu hajui kuigiza. Nilimwona mkavu. Nilikuwa nimeshona gauni lake la jukwaani, nikajiona na haki ya kumhukumu hata machozi.

Mchezo uliwekwa Jumapili, saa nane mchana. Ulianza saa tisa na nusu, kwa sababu mkubwa mmoja wa ofisi alikuwa bado anakula. Alipofika na watu wake wakakalishwa mbele, wakapewa soda, wakatoa simu zao kubwa wakaanza kujipiga picha wenyewe na kutupa sisi migongo. Nyuma yao sale ilijaa mpaka madirishani. Rugenge yote ilikuja, Kimanga ilikuja, wateja wangu ambao huniambia hawana hata nafasi ya kuja kuchukua nguo zao walikuja saa moja kabla. Kifo cha wengi harusi, nacho cha jukwaani ni zaidi.

Kwenye benchi la tatu walikaa watu wa Kamanyola. Direkta ndiye aliyewaalika. Shemeji mkubwa wa mama, mwanaume mnene mwenye koti, aliniambia mlangoni kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na leo labda mke wa ndugu yao atafunguka, kisha waende nyumbani wafanye mambo kwa utaratibu. Wameleta mikeka kabisa, iko kwenye gari. Nilimtazama na koti lake katika joto lile, nikafikiri kwamba yeye na mwenye fulari wangefaa kuzaliwa tumbo moja. Kwa hiyo nilipanda jukwaani nikijua kila kitu. Nilijua watu wale hawakuja kuona kama mama wa mchezo atalia. Walikuja kuona kama mama wa ndagala atakubali mtoto wake amekufa.

Jirani wa kwanza aliingia kuomba chumvi. Nyuma vijana bado walikuwa wanapiga miluzi. Akaepua sufuria, akamwaga maji juu ya moto wetu wa uongo, na hapo nikasikia benchi za wanawake zinanyamaza, moja baada ya nyingine. Wakubwa wa mbele waliendelea kuongea, hao hawakuona kitu, hata nyumbani kwao nadhani sufuria huepuliwa na watumishi.

Jirani wa pili alitoa kiti cha kwanza. Mama wa ndagala akamwambia airudishe mali yake mapema, si kama alivyoufanyia ungo, na sale ikacheka. Kicheko kilikatika katikati. Alirudi akatoa cha pili. Mama akauliza kuna wageni wangapi huko kwenu leo. Mimi nikaingia, nikasema maneno yangu ya mvua, nikachukua cha tatu. Nilipopita mlango wa jukwaa nimekibeba, nilimwona bibi mmoja kwenye benchi la pembeni anasimama, anafungua kikwembe chake, anajifunga upya kiunoni kwa nguvu, kama tunavyofanya tukienda kufiwa. Hakuwa anacheza. Na wa pembeni yake akafanya vile vile.

Niliporudi, mama alikuwa anaongea. Unga umepanda, kuku anatagia kwa jirani, mtoto wangu atarudi na ng'ombe, mutaona ng'ombe. Nilimkaribia. Nilingoja asimame kama siku zote. Hakusimama. Aliendelea kukaa kwenye kile kiti cha mguu mfupi, mikono yote miwili imeshika ubao wa kukalia, na maneno yakamwishia. Nikasikia taksi-moto inapita mbali barabarani. Hata mkubwa wa mbele alishusha chupa yake. Direkta alikuwa amechora mstari wake ubaoni wiki tatu, na sasa mstari ulikuwa mbele yake hai, mwanamke amekaa na mwingine amesimama nyuma yake, wala hakuna anayefanya lolote.

Niliweka mkono kwenye mgongo wa kiti. Akaongea bila kugeuka, chini chini, sauti ambayo sale haikuisikia.

"Hii, hapana."

Nyuma ya pazia Direkta alikuwa ananinong'oneza kama nyoka: vuta, vuta. Nilipaswa kuondoa mkono. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Ningeinama, ningekaa chini pembeni yake, ningebuni neno lolote, mchezo ungekwisha na mtoto wake angebaki safarini. Lakini macho mia tatu yalikuwa juu yangu, na mimi, fundi wa Kimanga, jirani wa tatu, niliyekuwa nimemcheka kila mtu kwenye lile kundi, nilipenda yale macho. Nikavuta.

Kiti kilisogea kidogo tu. Mguu mfupi ukakwaruza mbao za jukwaa, sauti mbaya ya kuvuta roho. Na pale kwenye benchi la pembeni yule bibi akatoa ukelele wa kwanza wa kilio, ule wa kweli, unaoanzia tumboni, na akalitaja jina la kijana. Si la mchezo. Jina la yule wa machimboni. Wanawake wakateremka kutoka kwenye mabenchi wakakaa chini, mstari baada ya mstari. Watu wa Kamanyola wakasimama, shemeji mkubwa akavua kofia.

Mama wa ndagala alinyanyuka. Aliwatazama wote waliokaa kwenye vumbi la sale.

"Simameni," akasema. "Mutoto wangu iko mu safari."

Wakubwa wa mbele wakapiga makofi. Walidhani ni mama wa mchezo anayesema, yule aliyemtuma mtoto wake mtoni. Mmoja alisema kwa sauti: hiyo ndiyo sanaa. Direkta, aliyesikia makofi na hakusikia kingine, akampungia mkono shemeji yake mpiga ngoma, na ngoma ikapigwa. Katikati ya ngoma hiyo mama aliokota kile kipande cha karatasi, akakiinua kiti chake, akakiweka kichwani, akashuka jukwaani, akapita kati ya wanawake waliokaa chini, akatoka kwa mlango mkubwa kwenye jua. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Nilibaki juu pale na mkono wangu uliokuwa umeshika kiti, sijui niuweke wapi.

Majuma yaliyofuata Direkta alikuwa mtu mkubwa. Alisema kila mahali kwamba yeye ndiye alimwelekeza mama asisimame, kwamba kushuka kati ya watu ni mbinu, kwamba umma kukaa chini alipanga yeye. Debe tupu haliachi kuvuma. Walimwalika mji wa Baraka, walimwalika Bukavu. Vile viti vitatu vilivyobaki alivifungia kwenye stoo ya parokia, akasema sasa ni mali ya teatri. Alituma watu kwa mama wa ndagala mara nne, na mara nne mlango haukufunguliwa. Hakuuza ndagala tena pale sokoni penye watu, alizunguka nazo mitaani. Kwaya iliimba bila yeye, vibaya. Na mimi nilipokuwa nikikanyaga mashine nilisikia ule mguu ukikwaruza, nikajichukia, kisha nikamchukia Direkta, maana hiyo ilikuwa nafuu.

Baadaye, mvua zilipoanza, nilikwenda kwa bibi mfagiaji, ambaye ndiye anashika funguo za stoo. Sikumaliza hata kueleza. Alifungua, akanisaidia kuvifunga viti vitatu kwenye baiskeli ya mume wangu kwa kamba ya mipira. Sikumwambia Direkta kitu, na alipokuja baadaye kunifokea barazani kuhusu mali ya teatri nilimwuliza kama koo lake limepona.

Nilisukuma ile baiskeli mpaka Rugenge. Ilikuwa asubuhi, mawingu yameshuka mpaka kwenye milima, wanawake wako inje wanakosha vyombo kabla mvua haijanyesha. Niliita hodi. Alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alitazama viti, akanitazama mimi, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba samahani njia nzima, yote yakanitoka. Nikasema tu kwamba nimevileta, nivipange ndani?

"Viache hapo inje," akasema.

Nikamwambia vitanyeshewa. Akajibu vinyeshewe tu. Basi nikavishusha kimoja kimoja, nikavipanga ukutani, na nilipoinua kichwa nikaona wanawake wa upande wa pili wameacha vyombo. Wameona viti vitatu inje ya mlango, na mwenye nyumba amesimama, havirudishi. Mmoja alikuwa tayari anafungua kikwembe chake ili ajifunge upya kiunoni. Ndipo nikaelewa yeye anafanya nini, mimi mwalimu wa kufundisha wengine maana ya viti. Hakuna mtu aliyemletea habari. Hakuna aliyetoka Fizi. Nilimuuliza, akatikisa kichwa. Alisema asubuhi hiyo aliipiga namba, na yule mwanamke wa Kifaransa hakuongea tena. Kulikuwa kimya tu.

Alikitoa kile kipande cha karatasi kwenye fundo la kikwembe, akakishika mkononi.

"Kumebaki kimoja," akasema. "Ingia ukitoe weye. Njia yake unaijua."

Niliingia. Ndani mlikuwa na meza, simu juu ya meza, na kile kiti. Yeye aliingia nyuma yangu, akatandika mkeka, akakaa chini, akaegemea ukuta. Nilikishika mgongoni mahali pale pale. Sikukiinua, nikakivuta tu kuelekea mlangoni, na mguu mfupi ukakwaruza saruji mpaka inje, na safari hii hakunizuia.